Mbwa kakung'ata? Anza na sabuni

Jamani wazazi, mtoto wa dada yangu alikwaruzwa na mbwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, akakaa siku mbili na soksi ndefu ili asigombezwe, tumekuja kuona wakati wa kuoga. Alichomwa sindano zake zote za kuzuia kichaa cha mbwa na yuko poa, ila zile siku mbili hadi leo zinaniuma.

Sasa mtu aking'atwa, usianze kumsaka mwenye mbwa. Bombani kwanza. Hakuna bomba, mmoja amwagie maji kwa kata mwingine aoshe, sabuni ya mche inatosha kabisa, dakika 15 kwa kuangalia saa, na hizo dakika ni ndefu kweli, mtoto atalia, mbembeleze huku unaendelea. Virusi vya kichaa viko kwenye mate ya mbwa mgonjwa na sabuni inaviua. Ukimaliza paka spiriti au ayodini kama ipo. Majivu, pilipili, mafuta ya taa, hapana!

Halafu hospitali siku hiyohiyo, ila ulizia kwanza kwa simu kama chanjo ipo maana zahanati nyingi hazina na utapoteza nauli na muda. Sindano ya kwanza ndo siku ya 0, zinafuata siku ya 3 na ya 7, na wanaochomwa kwenye msuli wanaongezewa nyingine baadaye, we fuata tarehe za kwenye kadi. Kama ngozi imechanika damu ikatoka, ulizia na imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari, hiyo inachomwa palepale kwenye kidonda. Mjamzito anachomwa, mtoto mchanga pia.

Wengi wanaacha njiani kisa kidonda kimekauka. Kidonda kukauka si kupona, virusi vinapanda polepole kwenye neva kuelekea ubongo, mara nyingi miezi 2 au 3, na mtu akishaanza dalili kama kuogopa maji ni karibu hakuna anayepona. Kwahiyo hata kama umechelewa wiki nzima, nenda tu.

Mbwa naye msimuue mkamtupa. Kama anafungika bila mtu mwingine kuumia, afungwe aangaliwe siku 10, ila sindano zianze bila kumsubiri. Akiwa mzima siku zote hizo daktari ndo ataamua kusimamisha. Akifa au akitoroka, mwambieni afisa mifugo haraka na sindano ziendelee mpaka ya mwisho.