Jinsi ya Kuomba Fidia ya Jeraha la Kazini kwa Wafanyakazi wa Reli na Bandari, Mombasa

Mfungaji wa mabehewa aliyebanwa vidole Miritini na kuli aliyeangukiwa na kufuli ya kontena Kilindini huomba fidia kwa njia moja na kwa fomu moja. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa reli ina shirika lake na bandari ina mamlaka yake, na mtu hudhani kila upande una dirisha lake la malalamiko. Wazee wetu wasingeshangaa, maana kuanzia 1948 hadi 1969 reli na bandari za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya mwajiri mmoja, na nyumba nyingi za mji huu zilikuwa na kaka wa reli na mdogo wake wa gatini waliolipwa na ofisi ile ile. Leo waajiri ni wengi, kuanzia Shirika la Reli la Kenya na Mamlaka ya Bandari ya Kenya mpaka wenye yadi za makontena za Changamwe na makandarasi wanaoleta vibarua wa siku. Hata hivyo, serikali inayasimamia masuala ya usalama wao wote kupitia Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, na fidia yao hutawaliwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo mitaani hujulikana kwa jina la WIBA.

Sheria hii haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Si kila nchi iko hivyo: nchini Marekani mfanyakazi wa reli angali anafuata sheria ya 1908 inayomlazimu aonyeshe uzembe wa mwajiri wake, ilhali mwenzake wa gatini ana sheria tofauti ya 1927 isiyouliza kosa ni la nani. Kwetu, mwombaji hupoteza haki ikiwa ajali ilitokana na utovu wake wa makusudi, na hata hapo, ajali ikimwachia ulemavu mkubwa au ikimuua, kizuizi hicho hakitumiki.

Kabla ya kuanza, hakikisha kwamba unahusika. WIBA humlinda mtu yeyote aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi, awe ameajiriwa na serikali au na mtu binafsi; walioachwa nje ni wanajeshi. Kibarua asiye na barua ya ajira asikate tamaa, kwa kuwa sheria ya ajira ya Kenya inatambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi. Shida yake ni ushahidi tu, na ushahidi huo aghalabu anao mfukoni bila kujua: pasi ya geti yenye jina lake, ujumbe wa simu unaoonyesha ujira aliotumiwa, picha ya orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Aliyeumia ndani ya gari lililotolewa na mwajiri kuwapeleka watu kazini au kuwarudisha nyumbani naye huhesabiwa kuwa aliumia kazini. Baharia aliyeumia ndani ya meli ya kigeni ana njia nyingine, ya mkataba wake na ya Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 ambao Kenya iliuridhia 2014, naye aanzie kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako papa hapa Mombasa.

Siku ya ajali

Hatua ya kwanza ni kumjulisha mwajiri, na hufanyika siku ile ile, kabla damu haijakauka kama hali inaruhusu. Sheria inakubali taarifa ya mdomo au ya maandishi, itolewe na majeruhi mwenyewe au na mtu kwa niaba yake. Mimi nasisitiza maandishi. Taarifa ya mdomo hukaa kichwani mwa msimamizi wa zamu, na msimamizi huyo anaweza kuhamishwa, kusahau, au kukumbushwa na wakubwa wake kwamba hakusikia kitu.

Taarifa haihitaji ufasaha. Inahitaji saa, mahali, kazi uliyokuwa ukiifanya, kiungo kilichoumia na majina ya waliokuwepo. Mtu akiandika, «Leo saa nane na robo usiku, yaani 02:15, katika gati niliyopangiwa, nikifungua kufuli ya kontena, mkono wangu wa kushoto ulibanwa kati ya kontena na ngazi, na wenzangu wawili wa gengi waliona», ameshatoa karibu yote yatakayoulizwa baadaye. Angalia jinsi saa ilivyoandikwa mara mbili. Sisi huhesabu saa kwa Kiswahili na fomu za serikali huhesabu kwa mtindo mwingine, na nimewahi kuona jalada la kijana wa yadi moja ambamo ajali ya saa nane usiku iliingizwa kama ya saa 8:00 usiku ya mtindo huo mwingine, yaani 20:00, wakati ambapo orodha ya zamu ilionyesha kwamba hakuwa ameingia kazini. Kosa la karani la sekunde tatu lilimgharimu miezi ya kutafuta mashahidi wa kuapa kwamba alikuwepo. Kwa hiyo, kitabu cha ajali kikishajazwa, omba ukisome, kisha upige picha ukurasa wenyewe kwa simu.

Hospitalini

Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kutoa huduma ya kwanza, kupanga usafiri wa kumfikisha majeruhi hospitalini, na kulipa gharama za matibabu zilizo za kadiri. Ukilazimika kulipa mwenyewe, hifadhi kila risiti, hata ya bandeji. Ufikapo mbele ya daktari, tamka wazi kwamba umeumia kazini na ueleze namna, kwa kuwa maneno ya kwanza yanayoandikwa kwenye kadi ya matibabu ndiyo yatakayolinganishwa na fomu. Majeruhi wengi, kwa kuogopa kumchongea bosi, husema wameanguka nyumbani. Uungwana huo huvunja dai kabla halijazaliwa.

Fomu ya kwanza

Mwajiri akishajulishwa, ana siku saba za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ikiwa ajali imeua, taarifa lazima itolewe ndani ya saa 24. Ripoti hiyo huandikwa katika fomu iitwayo DOSH/WIBA 1. Sehemu moja hujazwa na mwajiri, naye hutaja jina la mfanyakazi, kazi yake, mapato yake na jinsi ajali ilivyotokea. Sehemu nyingine huachiwa daktari. Omba nakala mara tu sehemu ya mwajiri inapokamilika, kisha uisome ukiwa umeketi, bila haraka.

Mstari wa mapato ndio wa kukaziwa macho, kwa sababu fidia yote itajengwa juu yake. Mapato si mshahara wa msingi peke yake. Thamani ya chakula au makao unayopewa na mwajiri huingia, na malipo ya saa za ziada unazofanya kwa kawaida huingia pia. Yasiyoingia ni malipo ya ziada ya hapa na pale na bakshishi za mara moja. Wafanyakazi wa gatini wanaelewa uzito wa jambo hili, maana wapo ambao saa za ziada ni nusu ya kipato chao cha kila mwezi, na fomu huja imeandikwa mshahara mtupu.

Kama siku saba zimepita na mwajiri hajafanya kitu, usimsubiri. Nenda mwenyewe katika ofisi ya kurugenzi inayohudumia Mombasa, ukiwa na kitambulisho, nakala ya taarifa uliyoitoa, karatasi za hospitali na ushahidi wa ajira, ukaeleze. Afisa wa usalama na afya ana mamlaka ya kumwandikia mwajiri, kumtaka atoe maelezo na kufanya uchunguzi. Usipomjulisha mwajiri kuhusu ajali ndani ya miezi 12, haki yenyewe hufa. Na dai la fidia nalo lina miezi 12 tangu tarehe ya ajali, au tangu tarehe ya kifo ikiwa mfanyakazi amefariki. Mwaka unaonekana mrefu kwa mtu anayeuguza mguu, lakini huisha.

Asilimia ya daktari

Hapa ndipo penye fedha, na hapa ndipo watu wanapoharakisha. Katika sehemu yake ya fomu, daktari huandika aina ya jeraha, muda ambao mfanyakazi hakuweza kufanya kazi, na kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia, akifuata jedwali la kwanza la sheria. Ukipimwa kabla jeraha halijatulia, daktari huandika anachokiona siku hiyo, na kidole ambacho miezi mitatu baadaye kitakuja kukakamaa kitakuwa kimehesabiwa kizima. Muulize daktari anayekutibu iwapo hali imefika mahali pa kutobadilika tena, na asipokuwa na uhakika, rudi baadaye, mradi miezi 12 haijakupita.

Mwajiri anaweza kukutaka upimwe na daktari aliyemteua yeye, kwa idhini ya Mkurugenzi na kwa gharama za mwajiri. Usikatae kwenda, kwa kuwa kukataa bila sababu kunaweza kukudhuru, ila una haki ya kwenda na daktari wako kwa gharama zako. Wachache mno huitumia haki hii.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 hulipwa mapato ya miezi 96, na ulemavu mdogo hulipwa kwa uwiano wa asilimia yake. Tuseme mtu anapata shilingi 30,000 kwa mwezi na daktari ameandika asilimia 10: miezi 96 ni shilingi 2,880,000, na fungu lake la kumi ni shilingi 288,000. Mtu yule yule akiandikiwa mapato ya shilingi 18,000 kwa sababu saa zake za ziada za kila mwezi zimeachwa, atapata shilingi 172,800. Tofauti hiyo ya zaidi ya laki moja imetoka kwenye mstari mmoja wa fomu. Mbali na hayo, kwa muda ambao hakuweza kufanya kazi kabisa kwa sababu ya jeraha, mfanyakazi hudai malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12.

Baada ya kuwasilisha

Fomu iliyokamilika ikishafika kwa Mkurugenzi pamoja na viambatisho vyake, ofisi hufanya tathmini na kumtumia mwajiri hati ya kudai malipo, DOSH/WIBA 4. Mwajiri au kampuni yake ya bima ana siku 90 za kulipa tangu dai lilipowasilishwa kwake. Sheria inamlazimu kila mwajiri awe na bima ya namna hii, kwa hiyo jibu la «bado tunazungumza na watu wa bima» halisimamishi hesabu ya siku. Chukua namba ya jalada lako siku unapowasilisha na uitaje kila unapofuatilia. Karani humsaidia mwenye namba kabla ya mwenye hadithi.

Asiyeridhika na tathmini, awe mfanyakazi au mwajiri, hupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe ndani ya siku 60 tangu uamuzi. Mkurugenzi hujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usianzie mahakamani. Kulikuwa na mabishano marefu juu ya jambo hili hadi Mahakama ya Juu ilipoyamaliza Desemba 2019 kwa kuthibitisha kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, na kesi nyingi zilizoanza kwa mlango wa mbele wa mahakama zimerudishwa. Siku 90 zikipita bila pingamizi wala malipo, hapo ndipo mdai huiendea Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi akiomba amri ya kumlazimisha mwajiri alipe kiasi kilichokwisha kutathminiwa.

Kati ya hatua hizi, huenda ukaitwa ofisini ukanywe chai na kutia sahihi karatasi inayosema kwamba umepokea kitu kidogo na hutadai tena. Makubaliano ya kuacha haki zinazotolewa na sheria hii ni batili, lakini karatasi yenye sahihi yako itatolewa mbele ya kila afisa na itakuchelewesha. Chai kunywa, kalamu iache.

Mfanyakazi akifariki

Wategemezi ndio wanaodai, ndani ya miezi 12 tangu kifo, na fungu lao hugawanywa kwa kufuata jedwali la sheria kulingana na uhusiano wao na marehemu. Familia nyingi za Mombasa hukimbilia kwanza kwa kadhi kutafuta mgao wa mirathi, na wengine hukaa mwaka mzima wakibishana nani mrithi, ilhali fidia hii si sehemu ya mali iliyoachwa na marehemu na jalada lake haliongozwi na mgao wa mirathi. Shauri la mirathi liendelee upande wake. Wakati huo huo, mmoja wa familia akusanye cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu, hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya chifu inayowataja wategemezi, na pia risiti za mazishi, kwa kuwa gharama hizo nazo zinadaiwa. Nakala ya hati ya mshahara ya miezi ya mwisho iombwe kwa mwajiri mapema, wakati wenzake wa kazini bado wanapita nyumbani kuhani na yupo wa kuifuatilia.