Zege la Kabichi: Kazi ya Nyama Choma Iliyobaki Jumapili

Wageni wakishaaga hapa kwetu Kimara, kwenye sinia hubaki paja la mbuzi lililoliwa nusu na mbavu chache. Kwa miaka nilikuwa nikiikaanga nyama ile Jumatatu jioni kwa mafuta mengi, inakuwa ngumu kama soli, halafu nasonga ugali mkubwa wa kuishushia. Kumbe mkaa ulishaikausha, na mimi nikawa naikausha mara ya pili. Kinachotakiwa ni kuirudishia maji, na maji yenyewe yapatikane kwenye mifupa yake. Ugali nao hauhitajiki tena kwa sisi tunaopunguza wanga, kabichi inatosha: naipika zege, yaani kama chipsi mayai, ila kabichi inakaa mahali pa chipsi.

Kwa watu watano: nyama nusu kilo bila mifupa, kabichi moja ya wastani, hoho mbili, kitunguu kimoja, saumu punje nne, tangawizi, bizari kijiko cha chai, mayai manne, ndimu.

Hatua ya 1. Hii ni ya Jumapili usiku, usiiahirishe. Nyama isikae mezani zaidi ya muda wa saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, kama Januari na Februari hapa Dar, iwe saa moja tu. Ichambue ingali vuguvugu, maana mafuta ya mbuzi yakiganda utapigana nayo. Nyama weka kwenye bakuli lenye mfuniko, mifupa kando, vyote friji. (Mifupa ninayosema ni uliyoichambua wewe kwa kisu, siyo iliyong'atwa na mashemeji.) Kachumbari iliyobaki itupe, imeshapitiwa na mikono mingi.

Hatua ya 2. Chemsha mifupa kwa vikombe vinne vya maji, tangawizi na pilipili manga, moto mdogo, mpaka ibaki supu ya kikombe kimoja hivi. Usitie chumvi. Nyama ilishatiwa ilipochomwa, na supu ikipungua chumvi hukolea.

Hatua ya 3. Kata nyama ikiwa ya baridi, vipande vyembamba, kisu kikikatiza nyuzi zake badala ya kuzifuata. Hapo ndipo bibi mwenye meno machache atakushukuru.

Hatua ya 4. Kabichi ikate nyembamba sana. Kikaangio kipate moto mkali, mafuta kidogo, kaanga kwa mafungu mawili, dakika tatu tatu. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka, utapata mboga ya bwenini. Ipua ikiwa bado inalia ukiitafuna.

Hatua ya 5. Kaanga kitunguu, saumu, hoho na bizari. Mimina supu, ikichemka tia nyama, funika dakika tano mpaka itoke mvuke hata katikati. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74. Funua, acha supu ikaribie kukauka, kisha rudisha kabichi. Piga mayai, mwagia juu, funika mpaka yashike. Usihangaike kuligeuza kama muuza chipsi, ni zito. Kamulia ndimu, onja, ndipo uongeze chumvi kama ipo haja.

Maswali yenu

Umeme ulikatika usiku, nyama bado inafaa?
Friji isipofunguliwa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Ukizidi hapo, itupe dada yangu, hata kama inauma. Umeme usipokatika, nyama iliyopikwa hukaa friji siku tatu mpaka nne. Pasha unayokula tu, usiipashe na kuirudisha kila siku.

Kitimoto je?
Safi kabisa, ila usiongeze mafuta. Yake yanatosha, tena mengine utayachota.

Naweza kuweka muhogo badala ya kabichi? Nao ni wa shambani.
Wa shambani ni kweli, ila ni wanga mtupu. Gramu 100 za muhogo mbichi zina wanga wa gramu 38 hivi. Kabichi kiasi hicho hicho ina gramu 6 tu. Ukikosa kabichi tumia bilinganya au nyanya chungu.

Mzee wangu ana kisukari. Nimwachishe ugali moja kwa moja?
Mama, hapana, siyo kabla ya kuongea na daktari wake. Kama anachoma insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari, ukimwondolea wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mno. Chakula chenyewe hakina shida, kinachotakiwa kupangwa upya ni dawa.

Watoto wangu hawali bila wali.
Wangu pia! Nawapikia kikombe kimoja, wanachanganya na zege, na mimi nakaa upande wa pili wa meza nisiusikie ule ukoko ukinukia.