Kuchagua konrodi za injini ya boti yenye tabo

Wiki iliyopita nilikaa na kijana anayefumua kwa mara ya kwanza injini ya boti yake, yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda). Alikuwa ameshachagua konrodi (mikono ya chuma inayounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka) kwa kutazama namba moja tu: hospawa zilizoandikwa kwenye boksi. Nikamsihi asilipe kwanza. Haya ndiyo tuliyoyapitia pamoja.

Hatua ya 1: Jua kilichoua zile za zamani

Weka kila pistoni juu kabisa, moja moja, na upime inakoishia chini ya uso wa bloki. Iliyolala chini kuliko wenzake, konrodi yake imepinda. Kwenye boti, mshukiwa wa kwanza ni maji: manifoldi ya egzosi ikiliwa na kutu, au gasketi yake ikifa, maji ya kupozea hurudi silindani. Maji hayabanwi, kwa hiyo kinachopinda ni chuma. Ukifunga konrodi mpya na kuiacha manifoldi ile ile, utarudi kufumua tena.

Hatua ya 2: Tenganisha mizigo miwili

Mzigo wa kwanza ni wa kusukuma. Mafuta yakiwaka, konrodi hubanwa kati ya pistoni na krenki. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 101.6, ikipata presha ya ba 100, husukumwa kwa zaidi ya tani 8. Tabo huongeza mzigo huu.

Wa pili ni wa kuvuta. Pistoni inapofika juu kwenye mpigo wa kutoa moshi, hakuna gesi ya maana ya kuisimamisha. Konrodi ndiyo inayoizuia na kuirudisha chini, na kofia ya konrodi, kipande kinachoikumbatia krenki kwa chini, imeshikwa na bolti mbili tu. Mzigo huu huletwa na mizunguko, nao hupanda kwa kipeo cha pili: kutoka mizunguko 4,000 hadi 5,000 kwa dakika, kasi imeongezeka robo lakini mvuto umeongezeka asilimia 56.

Sasa fikiria bahari. Gari hupata mteremko likapumua. Boti ni kama gari linalopanda mlima tangu linapoondoka hadi linapofika. Kisha wimbi linainua tezi, propela inatoka majini, mzigo unatoweka na mizunguko ya injini inapaa ghafla huku tabo bado imejaa presha. Hapo ndipo bolti hukatika. Kwa hiyo kidhibiti cha mizunguko nakihesabu kuwa sehemu ya kuchagua konrodi.

Hatua ya 3: Chuma na umbo

Chukua chuma cha 4340 (aina ya chuma cha aloi) kilichofuliwa. Alumini iache kwa mashindano mafupi, kwa sababu huchoka mapema ikibeba mzigo kwa saa nyingi. Kuhusu umbo, yaani mwili wa konrodi ungeonekanaje ukikatwa katikati, mimi ni mtu wa I. Konrodi nzuri ya umbo la H itafanya kazi kwa presha ya wastani, lakini kwa boti inayosukumwa siku nzima nataka I nene. Za zamani zikiwa na vishimo vya kutu mwilini, usizirudishe. Ufa huanzia hapo hapo.

Hatua ya 4: Urefu

Nusu ya mpigo, jumlisha urefu wa konrodi, jumlisha kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini hadi juu; kisha linganisha na kimo cha bloki kutoka katikati ya krenki hadi uso wa juu. Kwa V8 ya Chevrolet 350, iliyofungwa kwenye boti nyingi sana: 44.2 + 144.8 + 39.6 = 228.6. Bloki ina milimita 229.2, kwa hiyo pistoni inabaki chini kwa 0.6.

Hatua ya 5: Bolti

Hapa usiharakishe. Majina yafuatayo ni ya aina za chuma cha bolti. Kwa boti nyingi ARP2000 inatosha. L19 ina nguvu zaidi, ila haivumilii unyevu, nami siifungi kwenye chombo cha majini hata nikipewa bure. Anayetaka nguvu za kiwango hicho aende kwenye Custom Age 625+, inayostahimili kutu, na ajiandae kwa bei.

Kisha kuzifunga. Mwaka wangu wa kwanza na konrodi za kufuliwa nilifunga seti nzima kwa toki renchi, bolti nikiwa nimezipaka oili ya injini kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Renchi ililia kila mara, nikaridhika. Asubuhi nikaazima geji ya kupima bolti inavyovutika. Karatasi ya bolti ilitaka ivutike milimita 0.15, mshale ukasimama kwenye 0.11. Bolti ya pili, 0.12. Nikafungua zote na siku ikaisha hivyo.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu unayotia kwenye renchi huliwa na msuguano wa nyuzi na kichwa cha bolti. Ukibadilisha kilainishi, namba ya toki haina maana tena. Tumia kilainishi kilichotajwa na mtengenezaji wa bolti, hicho hicho. Funga na kulegeza mara kadhaa kabla ya kufunga kwa mwisho, maana msuguano hubadilika kadiri nyuzi zinavyozoeana. Na kabla ya yote pima urefu wa kila bolti ikiwa huru, uuandike pamoja na namba ya silinda. Siku utakayofumua tena, iliyorefuka kwa milimita 0.025 itupe.

Jambo moja zaidi: ukitia bolti za aina nyingine kwenye konrodi za zamani, tundu la konrodi linaloshika krenki hubadilika umbo kwa sababu kofia inabanwa tofauti. Lipimwe, na likihitajika lichongwe upya, bolti zikiwa zimekazwa kwa kiwango cha mwisho. Kama kofia ilitenganishwa kiwandani kwa kupasuliwa, uso wake hausagwi.

Hatua ya 6: Beringi na uzito

Nafasi ya oili: anzia milimita 0.001 kwa kila milimita ya kipenyo cha jeno la krenki (sehemu yake ya mviringo inayoshikwa na konrodi). Pima uzito wa kila konrodi, upande mkubwa peke yake na mdogo peke yake. Kwenye V8, uzito ukitofautiana na wa zamani, krenki ibalansiwe upya.

Hatua ya 7: Zungusha kwa mkono

Fanya mizunguko miwili kamili, ukitazama mabega ya kila konrodi yanavyopita karibu na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na ukingo wa bloki. Za kufuliwa mara nyingi zina mabega mapana. Nataka angalau milimita 1.5. Isipofika kwenye bloki, saga bloki. Isipofika kwenye kamshafti, rudisha konrodi uchukue zenye mabega membamba. Kichwa cha bolti usikiguse na jiwe.