Namna ya kulisoma kanisa la kale la Kiingereza: tuanze na Blythburgh

Ukifika Blythburgh, pale barabara ya A12 inapokatiza bonde la mto Blyth katika mkoa wa Suffolk, Uingereza, usikimbilie mlango wa kanisa. Ndugu zangu wakija kututembelea kutoka Muheza na Tanga huwa wameshaona picha za malaika wa mbao wa darini mwake, basi wanataka waingie, wapige zao, tuondoke. Mimi huwazungusha nje kwanza, hata upepo wa mabwawani ukiwakata masikio. Beba tochi na darubini ndogo, na sweta hata kama ni Julai. Karatasi ya maelezo utaisoma mwishoni, macho yako yakishafanya kazi.

Anzia kwenye mnara, upande wa magharibi, ufuate ukuta hadi mashariki iliko altare. Makanisa ya kale ya huku karibu yote yamelala hivyo. Gusa ukuta. Suffolk haina mawe mazuri ya kujengea. Ina gumegume, jiwe lenye ganda jeupe ambalo likipasuliwa hutoa uso mweusi wa kung'aa. Kwa hiyo kila unapoona jiwe la rangi ya maziwa lililochongwa, kwenye pembe au fremu za madirisha, ujue limetoka mbali na kuna mtu aliyelipa nauli yake. Chini ya dirisha kubwa la mashariki utakuta safu ya herufi zilizopangwa kwa mawe hayo mawili, jeupe ndani ya jeusi. Hayo ni majivuno ya matajiri, na walikuwa na haki ya kujivuna: katika karne ya 15, kanisa hili lilipojengwa upya, hapa palikuwa bandari. Baadaye mto ukajaa mchanga, meli zikawa kubwa, biashara ikahama. Ndiyo maana kanisa kubwa namna hii limebaki na kijiji kidogo namna hii.

Sasa ingia, usimame kwenye birika la ubatizo. Kwa desturi huwa karibu na mlango, kwa sababu ubatizo ndio mlango wa kuingia Ukristo. La hapa lina pembe nane. Pitisha kiganja kwenye pande zake: penye michongo pamekwanguliwa hadi pakawa bapa. Na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Katika kanisa la Kiingereza, tafuta kilichoondolewa kabla hujakisifu kilichobaki. Sisi tuliolelewa katika Anglikana ya UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, ya ubani na mishumaa na sanamu ya Mama Maria, tunashangaa kukuta kuta nyeupe tupu kwa watu waliotuletea hayo yote. Zamani hazikuwa tupu. Chini ya Mfalme Edward wa Sita, kuanzia 1547, sanamu ziliamriwa kuondolewa na kuta zikapakwa chokaa. Kisha Aprili 1644 alifika hapa William Dowsing, mtu aliyepewa kazi ya kuzunguka Cambridgeshire na Suffolk akivunja picha za vioo na sanamu, na kila alichokifanya akikiandika kwenye shajara yake. Aliagiza malaika nao washushwe.

Inua darubini. Bado wapo. Wamekaa katikati ya dari kwa jozi, mgongo kwa mgongo, mmoja akitazama mashariki na mwenzake magharibi, mabawa yametanda, na rangi za zamani bado zinaonekana kwenye mbao. Kwa miaka mingi watu walisema risasi zilizokutwa kwenye mbao hizo ni za watu wa Dowsing. Kumbe hesabu za kanisa za karne ya 18 zinaonyesha watu wakilipwa kupiga kunguru wadogo humu ndani! Mimi naipenda zaidi habari hii ya kunguru.

Shusha macho, uchuchumae. Ncha za mabenchi ndizo ninazozipenda kuliko malaika, wala sioni aibu kusema hivyo. Mafundi wamechonga dhambi kama watu wa kijijini wanaofahamika: Uvivu ameketi kitandani, Ulafi ameshika tumbo lake, Ubahili amekalia sanduku la fedha, Ulevi amefungwa kwenye mkatale. Mnafiki anasali huku macho yakiwa wazi. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele. Mwanga wa pembeni ndio unaotoa mikunjo ya nguo na vidole.

Kuna pia mtu wa mbao aliyepakwa rangi, wa mwaka 1682, mwenye kishoka mkononi. Alitengenezwa agonge kengele ya saa.

Mlango wa kaskazini uangalie kwa upande wa ndani. Una alama nyeusi za kuungua. Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, tufani iliangusha ncha ya mnara ikapasua paa; mtu mzima na mvulana wakafa. Wenyeji husema ni mbwa mweusi wa shetani aliyepita, na alama hizo ni makucha yake. Wanaochunguza majengo ya kale hutaja mishumaa, kwa kuwa alama za namna hiyo zipo kwenye milango na mihimili mingi Uingereza. Angalia umbo lake, kisha uamue mwenyewe.

Tumbukiza chochote kwenye kisanduku cha sadaka; paa kama lile halijitunzi. Na kama jua bado lipo, endelea hadi Southwold, kilomita chache kuelekea baharini. Katika kanisa la Mtakatifu Edmund kiambaza cha mbao kinachotenga waumini na altare bado kimesimama, na watakatifu wake wamechorwa kwa dhahabu na rangi. Anza na nyuso zao. Zimekwaruzwa.