Toba isiishie kwenye kuacha

Ukitubu dhambi fulani, usiache nafasi yake wazi. Katika Waefeso 4:28 Paulo hamwambii mwizi aache kuiba tu. Anamtaka afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumpa mhitaji. Basi kama unanunua mahindi pale sokoni Kibaigwa, Dodoma, na umekuwa ukiwabana wakulima kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, mwombe Mungu msamaha, kisha upime kwa haki mbele ya mkulima mwenyewe. Na uliyempunja, mrudishie. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne! Hapa ndipo wengi tunapokwama, maana kulia madhabahuni ni rahisi kuliko kutoa hela mfukoni. Anza na mmoja unayemkumbuka, wiki hii hii, na Roho Mtakatifu akupe ujasiri wa kumpigia simu.