"Hii ni ya wapi?": Kuwafundisha watoto muziki wa visiwa vya Pasifiki

Mara ya kwanza nilipopewa kipindi cha muziki hapa Auckland, New Zealand, nilifanya kosa ambalo hadi leo linanitia haya. Shule niliyokuwa nikifundisha ilitaka onyesho la Pasifiki. Mimi, mtoto wa Pangani niliyekulia kwenye ngoma za harusi na kasida za maulidi, nikakusanya kila nilichokiona kwenye video: sketi za nyasi za plastiki, ukulele, vimpira vya poi, na gogo moja la kugonga. Watoto wakazungusha poi za Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, huku wakikata viuno Kitahiti kwa wimbo wa Hawaii. Ukumbi ulishangilia. Tulipokuwa tunatoka, bibi mmoja wa Kisamoa, ambaye mjukuu wake alicheza mstari wa mbele, alinishika mkono akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, hii ni ya wapi?"

Sikuwa na jibu. Ni sawa na mtu achanganye msewe, lelemama na sindimba juu ya mdundo wa taarabu, kisha aseme hii ndiyo ngoma ya Afrika.

Tangu hapo maswali mawili hukaa juu ya ubao wangu muhula mzima: Ya wapi? Ya nani? Hayo mengine nitakayoeleza hapa yanafuata nyuma ya maswali hayo. Nimeyajaribu kwa watoto wa miaka tisa na kumi, vipindi sita vya dakika arobaini, na mwalimu wa Korogwe au Kisumu anaweza kuyafanya bila kununua kitu kikubwa.

Kipindi cha kwanza ni cha kamba. Chukua kamba ndefu, watoto watatu waivute sakafuni iwe pembetatu. Wa kaskazini ni Hawaii, wa kusini magharibi ni Aotearoa (New Zealand), wa kusini mashariki ni Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka). Hiyo ndiyo Polinesia. Samoa, Tonga na Tahiti wakae ndani. Nje, upande wa magharibi, wakae Fiji na Visiwa vya Solomon, ambavyo ni Melanesia. Juu yao, kaskazini, akae Kiribati, ya Mikronesia. Halafu waambie kwamba kutoka Auckland hadi Honolulu ni kama kilomita 7,000, na watu walivuka maji hayo kwa mitumbwi, wakizisoma nyota na mawimbi. Hapo mimi huchora ngalawa ya kwetu na matengo yake mawili, pembeni nachora waka, mtumbwi wa Kimaori, wa zamani wenye tengo moja. Wapo wataalamu wanaoona kwamba ngalawa yetu ina asili kwa mabaharia wa ukoo huohuo, wale ambao lugha yao ilifika Madagaska. Watoto wa Kitonga darasani kwangu waliniangalia tofauti baada ya mchoro ule.

Kabla ya ala, fundisha maneno. Hapa sisi Waswahili tuna bahati ambayo walimu wengine hawana: irabu zao ni hizihizi zetu tano, na kila silabi huishia kwa irabu. Mtoto anayesoma "waiata" (wimbo, kwa Kimaori) anasoma kama anavyosoma Kiswahili. Chunga mambo matatu tu. Kistari juu ya irabu maana yake ivute. Koma ndogo kabla ya irabu ni kukatiza pumzi kooni, kama tunapokataa jambo kwa "a'a!". Na "ng" ya Kimaori na ya Kitonga ni ng' ya ng'ombe, siyo ng ya ngoma. Wenyewe husema Tong'a. Wasamoa wao sauti hiyo huiandika kwa "g" peke yake, kwa hiyo mji wa Pago Pago ni Pang'o Pang'o. Watoto wakilijua hili watalirudia siku nzima mpaka uchoke.

Sasa tuje kwenye sasa. Ndiyo, neno linafanana, ila kwa Kisamoa irabu zake huvutwa (sāsā) na halihusiani na saa. Ni ngoma ya kundi, wachezaji wakiwa wameketi kwa mistari, wakifuata ishara za mpiga gogo. Mimi huanza nayo kila mwaka kwa sababu haihitaji kitu zaidi ya mikono. Wakalishe miguu ikiwa imekunjwa. Fundisha makofi mawili: pati, viganja bapa, sauti kavu inayopasua, na pō, viganja vimekunjwa kama unachota maji, sauti nzito ya chini. Usiwaeleze tofauti, waache waisikie. Gawa darasa, nusu pati nusu pō, uone wanavyojipanga wenyewe. Kisha amri: nofo i lalo, keti chini, tū i luga, simama (na sasa wanajua kuitamka hiyo luga), lima i luga, mikono juu. Amri zitolewe kwa gogo na kwa sauti, na mwendo uongezeke polepole. Anayechelewa hucheka, hatolewi.

Miondoko ya sasa huigiza kazi na maisha: kupiga makasia, ndege kuruka, kupika. Mwaka juzi niliwaomba wanafunzi watunge mwondoko wa kukuna nazi. Wasamoa nao hukuna nazi wakiwa wameketi juu ya kigoda chenye jino la chuma, mbuzi yetu kabisa. Wengi walizungusha mikono hewani kama wanaosafisha dirisha. Mtoto mmoja mdogo, mkimya, aliinama, akabana magoti, akaanza kusukuma kifufu mbele na kukizungusha robo, mbele na robo, bega moja likishuka kila mara. Nikajua huyo kwao nazi inakunwa. Nikamweka mbele, darasa zima likamfuata yeye, na mdundo wake wa mbele-na-robo ndio tukaupigia gogo. Siku hiyo mimi nilikuwa mwanafunzi.

Gogo lenyewe linaitwa pātē, limetobolewa mwanya mrefu kwa juu na hugongwa kwa vijiti. Usipokuwa nalo, usihangaike: chukua mkeka. Wasamoa wana ngoma iitwayo fala, yaani mkeka, ambao hukunjwa kama bomba, wengine wakitia mianzi ndani, ukapigwa kwa vijiti viwili. Mkeka wa ukindu ukikunjwa na kufungwa kamba pande zote mbili unatoa sauti kavu nzuri sana. Jamvi la plastiki halifai, linalia kama ndoo iliyopasuka.

Hapo huwa napenda kuwashtua watoto kidogo. Wakishazoea kugonga, nawauliza: Wamaori wa kale walikuwa na ngoma gani za ngozi? Kila mtu anataja jina analolijua. Jibu ni kwamba hawakuwa nazo. Mdundo ulitoka kwenye miguu, vifua na mapaja. Ala zao zilikuwa za pumzi zaidi, kama kōauau, filimbi fupi, na pūtātara, kombe la baharini lililotiwa mdomo wa mti. Hilo la mwisho mtoto wa pwani halimsumbui: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ala hizi karibu zipotee masikioni mwa watu, na waliozirudisha ni pamoja na wanamuziki Hirini Melbourne na Richard Nunns, na mchongaji Brian Flintoff. Cheza rekodi, taa zimezimwa, dakika mbili zinatosha.

Kuhusu haka, ngoma ya Kimaori ya kukanyaga chini na kupaza sauti, kila darasa la wavulana litaiomba ile ya timu ya raga. Hiyo ni Ka Mate, iliyotungwa na Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa, karibu mwaka 1820, na tangu 2014 ipo sheria ya New Zealand inayotaka atajwe pale inapochapishwa au kutangazwa kwa umma. Darasani kwangu atakayetaka kuipiga lazima kwanza aseme mtunzi ni nani, kabila lake ni lipi, na alikuwa akimkimbia nani. Wengi wakishasikia kwamba ni maneno ya mtu aliyejificha shimoni asiuawe, wanaacha kuifanya kama vitisho vya uwanjani.

Hula, ngoma ya Hawaii, nayo inahitaji uangalifu, lakini Kiswahili kinatusaidia. Kwetu ngoma ni chombo, ni mchezo na ni shughuli yenyewe, vyote kwa neno moja. Mtu mwenye neno kama hilo haoni ajabu akiambiwa kwamba hula bila shairi lake, mele, si hula. Mikono inasema maneno. Mwaka 1830 Malkia Ka'ahumanu, aliyekwisha kubatizwa, aliipiga marufuku hadharani. Mfalme Kalākaua akairudisha barazani kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Mashairi mengine ni ya ibada na nasaba, si ya kuchezewa. Kwa hiyo mimi nafundisha ala tu: 'ili'ili, kokoto mbili laini katika kila mkono, zigongane kiganjani, na ipu, kibuyu, ambacho kitako chake kikigonga mkeka husema "u" na vidole vikikipiga ubavuni husema "te". Anzeni na u, te-te, u, te-te. Halafu watoto wanatunga beti zao kuhusu mto wao au soko lao. Hatuiiti hula. Tunaiita wimbo wetu.

Ukulele je? Ni nzuri, ila ije mwishoni, pamoja na hadithi yake: ilitokana na gitaa dogo la wahamiaji wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira waliofika Honolulu mwaka 1879 kwa meli iitwayo Ravenscrag. Wareno wetu walituachia meza, leso na gereza. Wenzetu wakabahatika gitaa.

Sasa kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo yenye kelele. Katika Visiwa vya Solomon zipo bendi za mianzi, ambapo mianzi minene hupangwa kwa urefu na midomo yake hupigwa kwa kandambili za mpira. Sikosei, kandambili. Mianzi ikikosekana, nunua bomba la plastiki la inchi mbili na msumeno. Bomba la kwanza kata sentimita 120. Nilipoanza nilifikiri kwa hesabu ya darasani: nusu yake, 60, itatoa sauti ileile oktavu moja juu, kama do ya chini na do ya juu. Nikakata. Sauti ikawa imelala, haikufika. Sababu ni kwamba hewa hutetemeka hadi nje kidogo ya mdomo, kwa bomba la unene huo kama sentimita moja na nusu kila upande, kwa hiyo bomba "linajiona" refu kuliko rula isemavyo. Vipimo vinavyokubali ni 120, 106, 95, 79, 71 na 58.5. Kata kila bomba likiwa limezidi kipimo kwa sentimita moja, sikiliza, kisha punguza. Ukishakata hakuna kurudisha.

Piga na uondoe upesi. Kandambili ikibaki imebandikwa mdomoni, upande mmoja umezibwa na sauti inaporomoka oktavu nzima. Waache wavumbue wenyewe, ni somo la sayansi la bure. Kila mtoto apewe bomba moja tu, ili wimbo usikamilike bila jirani yake.

Waambie ukweli pia: sauti hizo tano na oktavu yake nimezichagua mimi kwa sababu hazigombani. Wa'Are'are wa kisiwa cha Malaita, ambao mtafiti wa muziki Hugo Zemp aliwarekodi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wana makundi ya filimbi za mianzi ambayo huigawa oktavu hatua saba zilizo sawa, mpango usiopatikana kwenye piano yoyote. Wasikilizishe. Kuna watakaosema filimbi zimeharibika. Cheza tena kesho yake, na kesho kutwa; kwa wangu siku ya nne walianza kuiimba wakipanga foleni ya chakula.

Na toboeni kila kandambili, muifunge kwenye bomba lake kwa kamba. Muhula wa kwanza nilianza na kumi na mbili nikamaliza na tano, zote za mguu wa kushoto.