Mchicha, ulimi na presha: namna ya kupata naitriki oksaidi kutoka kwenye sahani

Siku hizi vidonge vya naitriki oksaidi vinauzwa bei ya kuumiza na fungu la mchicha liko pale pale sokoni, linakauka. Naitriki oksaidi kwa kifupi ni gesi ambayo mwili wenyewe unaitengeneza kwenye kuta za mishipa ya damu, kazi yake kulegeza mishipa ili damu ipite kirahisi, na Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Nobel mwaka 1998 kwa kugundua mambo yake. Sasa umri ukisogea, ukiweka na sigara, kisukari, na kukaa kwenye kiti siku nzima, mwili unazembea kuitengeneza, ndo unasikia presha imepanda, moyo nao unaanza kusumbua.

Njia ya pili ya kuipata ni mboga. Mchicha, spinachi, saladi, figili, bitiruti, zote zina naitreti kwa wingi, yaani malighafi ya hiyo gesi. Ukila, naitreti inaingia kwenye damu, halafu kama robo yake hivi inarudishwa mdomoni kwa njia ya mate, na pale nyuma ya ulimi kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, unameza mate, na tumboni na kwenye damu ndo inageuka naitriki oksaidi. Yaani bila wale bakteria hakuna kitu. Kwa hiyo ile dawa ya kusukutua ya kuua vijidudu vyote mdomoni, kama daktari wa meno hajakuandikia, achana nayo kuitumia kila siku, kuna tafiti zimeonyesha inapandisha presha kidogo. Mswaki piga kama kawaida.

Kupika sasa, na hapa ndo wengi tunaharibu. Mchicha unachemshwa mpaka unalainika kama uji, maji yanamwagwa, na naitreti inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo umeimwaga kwenye sinki. Fanya hivi: osha majani yakiwa mazima, ndo ukate, kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha na umaji maji wake ule wa kuoshea, geuza dakika chache, epua ungali wa kijani. Magadi usiweke, yanaua vitamini C na yana sodiamu ambayo mtu wa presha haihitaji. Mwishoni kamulia limao au ndimu, maana vitamini C inasaidia naitraiti igeuke gesi badala ya kwenda kuungana na protini ikatoa vile vitu vinavyohusishwa na saratani. Kisamvu kisiingie kwenye mahesabu haya, kile twanga na chemsha sana kwa sababu ya sumu yake. Na mboga iliyobaki weka kwenye friji, usiache kwenye sufuria juu ya meza hadi kesho jioni.

Bitiruti kama unaipata, London mwaka 2015 watu wenye presha walipewa mililita 250 za juisi yake kila siku kwa wiki 4, ile namba ya juu ya kipimo cha presha ikashuka kama 8 hivi, walipoacha ikarudi. Maana yake ni chakula cha kila siku, sio dozi ya mara moja, na vidonge vya presha usiache eti kwa sababu umenunua blenda. Mkojo ukitoka mwekundu baada ya kunywa usikimbilie hospitali, ni rangi tu.

Mtu atauliza, mbona soseji nazo zina naitraiti na tunaambiwa mbaya? Ni kweli zinawekwa ili nyama isioze na ibaki na ile rangi ya pinki, lakini pale hakuna vitamini C ya majani, kuna nyama nyekundu, chumvi, na moto mkali wa kikaango. WHO kupitia shirika lake la saratani waliziweka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, gramu 50 kwa siku inaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Ukitaka kula ya sikukuu, kula.

Wa kuuliza daktari kwanza: mwenye mawe ya figo, maana spinachi, mchicha na bitiruti vina oksaleti nyingi, kitu kinachochangia mawe hayo, anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu majani yana vitamini K na ukibadili ghafla kiasi unachokula dawa inayumba, na mwenye figo zilizochoka aliyeambiwa apunguze potasiamu. Mtoto wa chini ya miezi 6 hana haja ya mboga hizi wala ya maji ya kisima, ambayo nayo yanaweza kuwa na naitreti, maziwa ya mama yanamtosha.